Dottie West hakuwa kibwagizo cha mtu

Jumapili moja jioni nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi huku redio ikinong'ona kando ya meza. Mtangazaji akautambulisha wimbo aliokuwa karibu kuucheza kwa kusema kwamba sasa tungemsikiliza Kenny Rogers. Wimbo ukaanza. Ulikuwa ule wa mwaka wa 1981 uitwao What Are We Doin' in Love, na kama ajuavyo kila mpenzi wa muziki wa kantri humu nchini, ndani yake mna sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, na ya mwanamke haikujificha nyuma ya mlango. Wimbo ukaisha, na mtangazaji akatushukuru kwa kumsikiliza Kenny Rogers. Binti yangu, aliyekuwa akisoma upande wa pili wa meza, akainua kichwa akaniuliza, "Mama, na huyo mwanamke anaitwa nani?"

Anaitwa Dottie West. Jibu hilo lingetosha mezani, lakini swali lenyewe limekataa kunitoka akilini, na ndilo lililozaa makala haya. Ajabu ni kwamba wimbo huo haukutoka katika albamu ya Rogers. Ulikuwa katika Wild West, albamu ya Dottie West mwenyewe. Mgeni alikuwa Rogers, na mwenye nyumba akasahauliwa sebuleni mwake.

Sisi wanaisimu tuna mazoea mabaya ya kuona sarufi mahali ambapo watu wengine wanaona maisha tu. Msomaji na anivumilie. Hebu tulitazame neno "na" katika Kiswahili chetu. Tukisema "Juma na Asha wanaimba", watu hao wawili wamekaa kwenye benchi moja, na kitenzi kimewatambua wote kwa kiambishi cha wingi. Tukisema "Juma anaimba na Asha", kitenzi kimemwona Juma peke yake, na Asha amening'inizwa mwishoni mwa sentensi kama mkoba. Na tukisema "wimbo uliimbwa na Asha", neno lile lile sasa linamtambulisha mtenda. Neno ni moja, lakini hadhi ni tatu. Dottie West alizipitia zote tatu, na kwa bahati mbaya ile ya pili ndiyo iliyomganda.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1932 karibu na mji mdogo wa McMinnville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Jina alilopewa lilikuwa Dorothy Marie Marsh, naye alikuwa kifungua mimba katika watoto 10. Ufukara ulikuwa ndugu wa nyumba hiyo, lakini ufukara haukuwa ubaya mkubwa kuliko yote. Baba yake alimtenda unyama ambao mzazi hamtendi mwana, na binti huyo, angali msichana wa shule, alisimama mahakamani akautamka. Baba akahukumiwa kifungo cha miaka 40 na akafia gerezani mwaka wa 1967. Mama alifungua mkahawa mdogo, akawalisha wanawe kwa jasho la jikoni.

Sina haja ya kukaa sana katika ukurasa huo. Nautaja kwa sababu moja tu. Watu wengi huzungumza juu ya sauti ya Dottie West kana kwamba ilikuwa laini kwa maumbile na tayari kumfuata yeyote anayeongoza. Mtoto aliyetoa ushahidi dhidi ya babaye mbele ya hakimu, katika kijiji cha enzi zile, hakuwa mtu wa kufuatafuata.

Alisoma muziki katika chuo cha Tennessee Tech, na huko ndiko alikokutana na Bill West, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa pia mpiga gitaa. Wakaoana, wakahamia Cleveland katika jimbo la Ohio kufuata kazi ya mume, na hapo Dottie akaanza kuonekana katika kipindi cha runinga. Walikuwa wakisafiri hadi Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri, kubisha milango ya kampuni za kurekodi. Mwaka wa 1959 kampuni ya Starday ikamfungulia. Nyimbo za mwanzo hazikuvuma. Baadaye waliihamia Nashville yenyewe, na nyumba yao ikawa kituo cha watunzi wachanga waliokuwa na vipaji vingi na senti chache, Willie Nelson na Roger Miller wakiwa miongoni mwao.

Rafiki yake mkuu katika mji huo alikuwa Patsy Cline. Mwezi wa Machi 1963 wote wawili walikuwa Kansas City katika tamasha la kuichangia familia ya mtangazaji aliyekuwa amefariki. Hali ya hewa ikawa mbaya. Dottie alimsihi Patsy arudi nyumbani pamoja nao kwa gari. Patsy akachagua kuingoja ndege. Ndege hiyo ilianguka Tennessee tarehe 5 Machi, na wote waliokuwamo wakaangamia.

Mwaka huo huo wimbo ulioufungua mlango wake haukuimbwa naye. Ulikuwa Is This Me, utungo uliorekodiwa na Jim Reeves ukapanda hadi nafasi ya tatu katika orodha ya nyimbo za kantri. Jina la Reeves halihitaji utangulizi hapa Kenya. Katika nyumba nyingi za wazazi wetu sauti yake ilikuwa kama mjomba wa tabaka la heshima, anayefika Krismasi na kuondoka taratibu. Kaseti za marehemu baba zilikuwa nyingi, lakini ni zake tu ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa kwamba mmoja wa watu waliomtungia mtu huyo nyimbo alikuwa mwanamke.

Reeves alimpeleka Dottie kwa Chet Atkins, mtayarishaji mashuhuri wa kampuni ya RCA. Mwaka wa 1964 wakaimba pamoja Love Is No Excuse, wimbo uliofika nafasi ya saba, na huo ukawa mwanzo wa sifa yake ya kuimba na wenzi. Ushirikiano huo haukupewa umri. Tarehe 31 Julai mwaka ule ule ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha Reeves ilianguka karibu na Nashville. Katika muda usiozidi miezi 17 Dottie West alimpoteza rafiki aliyempenda kama dada, na mwimbaji aliyemshika mkono.

Lakini mwaka huo huo wa misiba ulimletea pia Here Comes My Baby, wimbo alioutunga pamoja na mumewe. Kwa wimbo huo alitunukiwa mwaka wa 1965 tuzo ya Grammy ya mwimbaji wa kike wa kantri, akawa mwanamke wa kwanza wa muziki huo kuipata. Mwaka wa 1964 pia aliingizwa katika jamii ya Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza mwaka wa 1925, ambacho kwa wanamuziki wa kantri ni sawa na hekalu. Naomba walimu walizingatie jambo hili. Tuzo iliyoweka jina lake katika historia aliipata peke yake, kwa utungo wake, miaka 13 kabla ya kurekodi wimbo wowote na Kenny Rogers.

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze kwa nini wimbo wa wawili ulikuwa na uzito katika muziki huu, maana mtu asiyeujua aweza kuudhania ni pambo la sokoni tu.

Kantri ni muziki wa malalamiko. Katika wimbo wa mtu mmoja, mlalamikaji anasema "wewe", na huyo "wewe" hana mdomo. Anashutumiwa kwa dakika tatu, na santuri inaisha kabla hajajitetea. Kwa miaka mingi mlalamikaji alikuwa mwanamume. Mwaka wa 1952 Hank Thompson alivuma sana na wimbo wa kumshutumu mwanamke aliyeiacha ndoa akafuata mabaa. Mwanamke aitwaye Kitty Wells akatoka na wimbo wa kumjibu kwamba wanaume nao wana mkono katika kuwaharibu hao wanawake. Jibu hilo liliwachoma wengi, na shirika moja kubwa la redio likakataa kulicheza. Hata hivyo lilifika nafasi ya kwanza, na Kitty Wells akawa mwimbaji wa kwanza wa kike kufika huko peke yake. Watu walikuwa na kiu ya kumsikia "wewe" akisema.

Wimbo wa wawili ni hatua moja mbele ya hapo. Mshutumiwa haendi tena kurekodi santuri yake mjini kwingine. Amesimama kando ya mwenzake, mbele ya kinasasauti kile kile, na ana zamu yake. Viwakilishi vya nafsi vinaanza kufanya kazi ya ajabu. "Mimi" wa ubeti wa kwanza ndiye "wewe" wa ubeti wa pili. Maneno yaweza kuwa yale yale, silabi kwa silabi, lakini maana imegeuka kwa sababu mdomo umebadilika. Kisha wanaingia katika kibwagizo na kusema "sisi", na msikilizaji aliyefungua masikio anajiuliza kama hiyo "sisi" ni ya mapatano au ni ya watu wawili wanaozama katika mtumbwi mmoja.

Wanafunzi wanaoshiriki tamasha za muziki watadai mara moja kwamba hiyo ni ngonjera. Ni kweli kwa nusu. Katika ngonjera aliyoisambaza Mathias Mnyampala, wawili hubishana, mmoja akiwa ameshika ujinga na mwingine ameshika maarifa, na mwishoni mjinga hukiri na wote wakaafikiana. Wimbo wa kantri wa wawili hauna mwalimu. Wote wawili wamekosea, wote wanajua hivyo, na wimbo huisha kabla hawajafikia uamuzi. Katika Every Time Two Fools Collide, hata jina lenyewe limegawa ujinga sawasawa.

Kuna ugumu mwingine ambao msikilizaji hauoni, nao ni wa koo. Sauti ya kawaida ya mwanamume hukaa chini sana ya sauti ya mwanamke. Ufunguo unaomstarehesha mmoja humchosha mwingine, na wawili wakiimba pamoja hapana budi mmoja wao, au wote, watoke katika makao yao. Ama mwanamke ashuke hadi mahali ambapo sauti yake hupungua mwanga, ama mwanamume apande hadi mahali ambapo yake hukaza. Msikilize Dottie West pamoja na Reeves, mwenye sauti ya kina kama kisima, halafu umsikilize na Rogers, mwenye sauti ya mkwaruzo kama karatasi ya msasa. Ni mwanamke yule yule, lakini namna anavyoweka pumzi si ile ile. Huo ni ufundi. Watu huuita kufuata, na mimi naona ni kusikiliza. Mwimbaji asiyeweza kumsikiliza mwenzake huku yeye mwenyewe akiimba hafai katika kazi hii, hata awe na koo la dhahabu.

Alikuwa na wenzi wengine. Mwaka wa 1969 aliimba na Don Gibson, mtunzi na mwimbaji, na Rings of Gold ikafika nafasi ya pili. Mwaka wa 1971 aliimba na Jimmy Dean. Mwaka wa 1973 alitoa Country Sunshine, wimbo uliotokana na tangazo la biashara la Coca-Cola, ukamletea tuzo ya Clio ya matangazo. Wako wanaodhihaki wimbo wa soda, lakini mama mwenye watoto wanne hulipa karo kwa pesa, si kwa dhihaka za wahakiki.

Kuna kosa moja la miaka hiyo ambalo nalipenda kwa sababu linamwonyesha jinsi alivyokuwa. Aliletewa wimbo wa Kris Kristofferson, Help Me Make It Through the Night, akaukataa kwa kuuona hauna staha. Sammi Smith akauchukua, ukawa miongoni mwa nyimbo kubwa za mwaka wa 1971. Miaka 10 baadaye Dottie huyo huyo alikuwa akipanda jukwaani na mavazi ya kubana na kumetameta ambayo yangewafanya wazee wa kijiji chake wafumbe macho. Binadamu hubadilika, na mwanamke aliyelelewa katika hofu ya macho ya watu huchukua muda kujua kwamba macho hayo hayali nyama.

Aidha, alikuwa mtu wa kuwainua wengine. Steve Wariner alimchukua katika bendi yake kama mpiga gitaa la besi akiwa kijana wa miaka 17. Larry Gatlin alirekodiwa nyimbo zake na Dottie kabla ya mtu yeyote kumjua, na tiketi ya ndege iliyomfikisha Nashville ilitoka kwa Dottie. Wote wawili baadaye walikuwa mastaa kwa haki yao.

Sasa tufike kwa Rogers. Inasimuliwa kwamba Dottie alikuwa studioni akirekodi wimbo, chini ya mtayarishaji Larry Butler, aliyekuwa akimtayarishia Rogers pia. Rogers akawasili kwa ajili ya kipindi chake, akausikia wimbo, akaupenda, akajiunga. Huo ulikuwa Every Time Two Fools Collide, nao ukafika nafasi ya kwanza mwaka wa 1978. Dottie West alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa amerekodi kwa karibu miaka 20 bila kukaa kileleni hata mara moja. Mimi ni wa rika hilo, na nakiri kwamba hesabu hiyo hunipa faraja fulani ninaporudishiwa miswada na wachapishaji.

All I Ever Need Is You ukafika nafasi ya kwanza mwaka wa 1979, na Chama cha Muziki wa Kantri kikawatunuku kuwa wawili bora wa mwaka mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Watu husema kwamba Rogers ndiye aliyemfufua. Haki ya Rogers tumpe, kwa kuwa jina lake wakati huo lilikuwa moto kote duniani. Lakini tazama yaliyofuata. A Lesson in Leavin' ulifika nafasi ya kwanza mwaka wa 1980. Are You Happy Baby? ulifika huko mwaka wa 1981. Nyimbo hizo mbili aliziimba peke yake, bila bega la mtu. Na katika mwaka huo wa 1981, ule wimbo wa binti yangu na redio ulipopanda kileleni, wimbo mwingine wa wawili ulikuwa umekwisha kufika huko: Shelly West, binti wa Dottie, akiimba na David Frizzell. Mama na mwana, kila mmoja na mwenzi wake, kileleni katika mwaka mmoja. Sijui familia nyingine inayoweza kujisifu hivyo.

Rogers akaendelea na wengine. Aliimba na Kim Carnes, na Sheena Easton, na mwaka wa 1983 akaimba na Dolly Parton wimbo wa Islands in the Stream, ambao hapa kwetu hukosi kuusikia arusini. Kila mmoja wao alipoongezeka, Dottie alisogezwa nyuma katika orodha ya "wanawake walioimba na Rogers". Nina kovu dogo katika jambo hili. Niliwahi kuandika makala ya kitaaluma pamoja na mwenzangu mmoja wa kiume, nusu kwa nusu, jina lake likitangulia kwa alfabeti tu. Leo wanafunzi hunijia wakinukuu hoja yangu mwenyewe kwa jina lake. Sina kinyongo naye, kwa kuwa si yeye anayewafundisha kunukuu. Anayewafundisha ni mimi.

Miaka ya mwisho ya Dottie West ilikuwa migumu. Nyimbo zilipungua nguvu, ndoa ya tatu ikavunjika, na madeni pamoja na kodi ya serikali vikamwelemea hadi akatangaza kufilisika mwaka wa 1990. Mwaka uliofuata mali yake ikapigwa mnada hadharani. Alikuwa ameanza kupanga kurudi ulingoni, na miongoni mwa mipango yake ilikuwa albamu nzima ya nyimbo za wawili. Tarehe 30 Agosti 1991 alikuwa na zamu ya kuimba Opry. Gari lake, alilolipata kwa Rogers, likazima njiani. Jirani mzee akampita, akampa lifti, na kwa haraka ya kumfikisha kwa wakati gari likaruka nje ya barabara karibu na mlango wa Opry. Alifariki hospitalini tarehe 4 Septemba, akiwa na miaka 58. Rogers alimzuru kabla hajafariki.

Albamu ile haikurekodiwa. Wimbo wake haukufa, kwani mwaka wa 1999 mwimbaji Jo Dee Messina aliurudia A Lesson in Leavin' ukafika nafasi ya pili, na vijana wengi wakaudhania mpya.

Baada ya mtangazaji kufunga kipindi, nilimwonyesha binti yangu karatasi niliyoandika miaka. Ni ya watu walioingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri huko Nashville. Jim Reeves aliingizwa mwaka wa 1967. Don Gibson, 2001. Jimmy Dean, 2010. Kenny Rogers, 2013, miaka saba kabla ya kifo chake. Hao ndio wanaume wanne niliowataja humu kama wenzi wake wa kuimba, na Patsy Cline alikuwa humo tangu mwaka wa 1973. Dottie West aliingizwa mwaka wa 2018, miaka 27 baada ya kuzikwa. Binti yangu alizisoma tarehe hizo kimya, akachukua kalamu nyekundu niliyokuwa nikisahihishia insha, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Kisha akaniuliza namba ya simu ya kituo kile cha redio.